Namba za Baba Zetu

Mikumi,
Jumatatu, 5 Mei 2025

Shangazi yangu mpendwa Hildegarda,

Shikamoo.

Ninakuandikia kukuomba jambo moja: unisaidie kukusanya saini za wakazi wa Kambi ya Korona ili kupinga ujenzi wa kituo cha kuzuilia wahamiaji katika shamba la zamani la mkonge, hapo hapo nyuma ya jiko lako. Nimeanza na kiini cha barua kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgeni anayezunguka nyumba mara tatu kabla ya kupiga hodi ama analeta posa ama analeta msiba. Mimi sina posa, na msiba ndio ninaotaka tuuzuie.

Ningekupigia simu kama mashine ya korona, ile ya kuchambua mkonge, isingekuwa imekula masikio yako. Kwa hiyo tuendelee na utaratibu wetu: mimi niandike, Nassir abebe kwenye basi lake, na wewe umlipe kwa vitumbua.

Kama ulivyokwishasikia, watu wanaokamatwa ndani ya malori ya barabara kuu wakielekea kusini wangeletwa hapo na kufungiwa mpaka warudishwe makwao. Ofisi yetu ya msaada wa sheria imekubali kuwasaidia wanakijiji wasioutaka mradi huo, na mratibu wetu, Ndugu Lupakisyo, amenikabidhi jalada zima. Hebu fikiri, Shangazi: miezi minane tangu nivae joho, mtu wa kujitolea tu, nami nimepewa jalada lenye jina langu juu yake! Amenieleza waziwazi kwamba nafasi ya kudumu ya ofisa sheria itajazwa mwezi Julai, na kwamba kazi hii ndiyo itakayonisemea.

Nimeandaa pingamizi lenye hoja kumi na moja, kuanzia maji ya kisima hadi mashamba ya mbaazi. Fomu ya saini ina safu nne: jina kamili, kitongoji, saini au dole gumba, na namba ya kitambulisho cha Taifa. Safu ya nne ni ubunifu wangu mwenyewe. Sitaki mtu yeyote mezani aseme kwamba tumeokota majina barabarani.

Mkutano Mkuu wa Kijiji utafanyika Jumamosi, tarehe 24. Watu wa Kambi hawamsikilizi mtu kama wanavyokusikiliza wewe. Nimeambatanisha fomu sita, pamoja na miwani mipya ya kusomea. Ile ya zamani uliyoifunga kwa uzi inaiaibisha familia.

Mwanao akupendaye,
Imani Kasiani, Shahada ya Sheria


Kambi ya Korona,
8 Mei 2025

Imani mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, miwani nimeipata, na Nassir amepata vitumbua vinne akadai vitano, eti bahasha ilikuwa nzito kwa sababu ya shahada yako. Nimemwambia shahada ikimlemea aishushe Ruhembe, wakatie miwa.

Miwani ni mizuri. Nimeona kwamba ukuta wangu una ufa na kwamba Deo, mwenyekiti wetu wa kitongoji, amezeeka. Yote mawili sikuyajua.

Hoja zako nimezisoma mara mbili. Umeandika vizuri kuliko baba yako, na Kasiani alikuwa akisifiwa mwandiko mpaka Mvumi. Lakini nikuulize, wewe msomi wetu. Umeandika maji, umeandika mbaazi, umeandika vumbi la malori. Hoja kumi na moja, na hakuna hata moja ambayo ni mtu. Hao watakaofungiwa umewaandika wapi?

Mwaka jana wakati wa palizi nilimkuta kijana kwenye mbaazi zangu, amekaa kama kuku mgonjwa. Hatukuelewana lugha. Nilimpa viazi vitamu, akala na maganda yake. Baadaye walikuja wakamchukua, akaniangalia kama mimi ndiye mama yake niliyemkabidhi kwao. Sijui yuko wapi. Nimekuandikia hayo basi tu.

Fomu nimeziweka kabatini. Vyumba vingi sana hiyo fomu, mwanangu. Kwani jina na dole gumba havitoshi? Nitaona.

Nimekutumia mbaazi na mlenda uliokaushwa. Ule. Shahada haijazi tumbo.

Shangazi yako,
Hildegarda


Mikumi,
14 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo.

Ninaandika kwa ufupi kwa kuwa siku zimebaki chache na fomu zako, kwa mujibu wa Nassir, bado zimo kabatini chini ya mashuka.

Habari ya yule kijana imenisikitisha. Hata hivyo, pingamizi la kisheria husimama juu ya mambo yanayoweza kupimwa, na huruma haina kipimo. Nisamehe kwa kusema hivyo, ndivyo tulivyofundishwa.

Kuhusu safu ya nne, naomba unielewe. Vitongoji vingine vitatu vimekwishajaza bila shida. Waheshimiwa watakaoipokea hati hii hawawajui watu wa Kambi kwa sura. Kwao, jina lisilo na namba ni upepo tu. Ndugu Lupakisyo alipoiona safu hiyo alisema, "Huyu binti anafikiri kama wakili." Usiniangushe, Shangazi. Wewe uliyetembea hadi Mamboya kwa miguu kuniombea sala nilipofanya mtihani wa kidato cha nne, utashindwaje na kisanduku kimoja cha karatasi?

Hakikisha hakuna kisanduku kinachobaki wazi.

Wako,
Imani


Kambi ya Korona,
20 Mei 2025

Mwanangu,

Fomu hizo. Watu arobaini na watatu. Hakuna kisanduku kilichobaki wazi.

Hildegarda


Mikumi,
Ijumaa, 23 Mei 2025

Shangazi Hildegarda,

Shikamoo.

Ninaandika kukujulisha kwamba fomu za Kambi ya Korona zimekataliwa, na pamoja nazo pingamizi zima. Na mkutano wa kesho umeahirishwa hadi Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Nitakueleza ilivyokuwa, ili uone nilivyosimama. Ofisa aliyepokea hati kule wilayani alifungua ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaivaa tena. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu ishirini, Shangazi. Watu wa Kambi wameandika tarakimu tatu, wengine mbili. 412. 97. 530. Watu arobaini na watatu, na hata mmoja hakukosea kwa kuzidisha! Ndugu watatu wa nyumba moja wameandika namba ileile. Yule ofisa akaniuliza kwa upole uliouma kuliko tusi, "Binti, hizi ni namba za nini, za viti?" Watu wawili waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Ndugu Lupakisyo hakucheka.

Nimetafuta maelezo, nayo ni mawili tu. La kwanza ni kwamba Deo, ambaye hajawahi kupitwa na mzaha, ameamua kunitania mbele ya serikali. La pili ninaona vigumu hata kuliandika. Nimesikia watu wa mradi wameahidi kazi za jikoni kwa wanawake wa Kambi. Namba yako wewe mwenyewe, kwenye mstari wa kwanza, ni 618. Kama unakitaka kituo hicho, ungeniambia. Ningeumia, lakini ningekuelewa. Kunifanyia hivi kimyakimya sikukutegemea.

Mwanao,
Imani Kasiani


Kambi ya Korona,
27 Mei 2025

Imani,

Hukuuliza hali yangu, lakini mimi mzima.

Barua yako nilimsomea Deo, maana umemtaja. Amesema, "Mwambie huyo mtoto mzaha wangu huwa unachekesha." Kisha akatoka nje akakaa muda mrefu.

Sasa sikiliza, na usome polepole kama ninavyosoma mimi.

Babu yako alikuja hapa kukata mkonge akitokea Urundi. Walikuja wengi, kwa miguu na kwa treni, na wengine walitoka kusini ng'ambo ya Ruvuma. Msimamizi hakuweza kutamka majina yao, kwa hiyo kila mmoja alipewa namba, ikaandikwa kwenye kipande chake, ile kadi ya kazi yenye visanduku thelathini. Ukimaliza siku, kisanduku kinatiwa alama. Wewe na mimi wote tumeumizwa na visanduku, mwanangu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya posho. Baba zetu walikuwa shambani, kwa hiyo watoto ndio tuliopanga foleni. Ukifika dirishani husemi jina. Unasema namba ya baba yako. Ukikosea, unga wenu anapewa mwingine, na mama anakupokea kwa ufito. Ndiyo sababu mtoto wa Kambi alifundishwa namba ya baba kabla ya kujua jina lake mwenyewe. Nimesahau sura ya babu yako, Mungu anisamehe. Namba yake sijaisahau. Ni 618.

Baba yako alizaliwa hapa hapa, chumba cha pili. Alipata karatasi zake, na wewe ukapata zako, wala hukujua kwamba kuna lango mlilopita. Mimi sikuzaliwa hapa. Nilikuja mgongoni mwa mama, mtoto wa miezi saba. Miaka iliyopita nilikwenda kuandikishwa kitambulisho. Binti mmoja mwenye adabu akaniuliza, "Bibi, ulizaliwa wapi?" Nikamwambia ukweli, maana nilikuwa sijui kwamba ni kosa. Akasema ningoje amwite mkubwa wake. Mimi sikungoja. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, kikapu nikakiacha. Tangu siku hiyo, nikiona gari la serikali linakata kona ya shule, naingia ndani naosha vyombo vilivyo safi.

Tupo wengi hapa. Wengine wana hofu kama yangu, wengine walikwenda wakaambiwa rudi kesho mpaka wakachoka. Ulipoandika kwamba jina lisilo na namba ni upepo, niliwasomea maneno hayo hapa uani. Joha akasema, "Basi sisi ni upepo." Kisha Deo akasema, "Mimi nina namba." Akaitaja ya baba yake. Mwingine naye akataja. Tulizijaza fomu zako jioni ile huku tunalia na kucheka. Tulijua sizo ulizotaka. Ndizo tulizo nazo.

Wewe umeniuliza kama nakitaka kituo. Mwanangu, kikijengwa, mimi si mpishi. Mimi ni mmoja wa watakaopikiwa.

Nimekuwekea ndizi mbivu. Nassir asizile.

Shangazi yako,
Hildegarda


Mikumi,
Jumatatu, 2 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa niaba ya barua zote nilizokuandikia kwa kiburi.

Ninaandika kuomba radhi. Nimejaribu kuipanga sentensi hiyo vizuri zaidi, nimechana karatasi tatu, na sentensi imekataa pambo.

Nimerudi kwenye sheria niliyojidai kuijua. Mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji ni mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka kumi na minane. Basi. Kitambulisho hakikutajwa popote. Hakuna aliyeniagiza niweke safu ya nne. Niliiweka ili nionekane hodari, na kwa safu hiyo nikawaambia watu walionilea kwamba ni upepo. Ninajiona tena nimekaa kwenye kizingiti chako, miaka sita, wewe umenifungia shuka la baba shingoni baada ya mazishi yake, Deo akinichongea gari la mabua. Huyo ndiye niliyemwandika kwamba anafanya mzaha.

Nimemweleza Ndugu Lupakisyo kila kitu kuhusu fomu, isipokuwa mambo yako, ambayo si yangu kuyasema. Alisikiliza, kisha akasema, "Safu ile niliisifu mimi. Tumekosea wawili." Fomu mpya ninazokutumia zina safu tatu tu, na Mtendaji wa Kijiji atazithibitisha kwa daftari la wakazi. Nimeongeza pia hoja ya kumi na mbili, kisha nikaipandisha ikawa ya kwanza: kwamba watakaofungiwa ni watu, na kwamba kijiji hiki kilijengwa na watu waliofika kama wao. Ukiona neno lisilokaa sawa, lisahihishe kwa kalamu yako.

Bila kutaja jina, nimezungumza na Wakili Joyce wa Morogoro. Anasema kwa mtu mwenye historia kama hiyo ipo njia ya kisheria, ingawa ni ndefu, na kwamba asiende ofisini peke yake.

Sasa ombi langu zito. Siku ya mkutano wataalamu wa mradi watakuwepo, pamoja na maofisa wenye sare. Mimi sitakuwepo, Ndugu Lupakisyo ameniambia ni mkutano wa wakazi, na mimi si mkazi. Kitambulisho changu chenye tarakimu ishirini hakininunulii hata kiti. Ninakusihi, Shangazi: tia saini, kisha ubaki nyumbani. Osha vyombo. Nisingependa kushinda jambo hili na kukupoteza wewe.

Mwanao mwenye haya,
Imani


Kambi ya Korona,
Jumapili, 15 Juni 2025

Imani mwanangu,

Marahaba, na radhi umeipata tangu kwenye neno la kwanza. Hayo mengine nimeyasoma kwa raha tu.

Ninaandika kukueleza ya jana kabla Nassir hajakueleza kwa chumvi yake.

Niliosha vyombo kama ulivyoniagiza. Saa nne vikawa vimekwisha. Nikaviosha tena. Nikasema, Hildegarda, una miaka sitini na minane, utasugua sufuria mpaka itoboke? Nikavaa gauni la kanisani, nikaenda.

Mkutano ulikuwa ndani ya banda la korona, maana jua lilikuwa kali. Mashine imebaki kutu tupu, lakini nilipoiona masikio yalinivuma kama zamani. Waliokaa mbele ni mabwana watatu wa mradi na mmoja mwenye sare. Deo alikaa karibu yangu na daftari, ananiandikia yanayosemwa. Mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye tope. Bwana mmoja alionyesha mchoro: ukuta huku, geti huku, na ua wa mazoezi pale kwenye mikonge iliyoota msituni. Nikamuuliza Deo, "Pale si makaburini?" Kumbe nilidhani nanong'ona. Banda zima likageuka.

Yule bwana akasema kitu. Deo akaandika: *Anauliza makaburi gani, kwenye ramani hayapo.*

Basi nikasimama, mwanangu. Sikukusudia. Wanasema nilipiga kelele, mimi sikusikia. Nikasema, hayapo kwenye ramani kwa sababu waliolala pale walikuja bila karatasi. Nikasema, mnatafuta mahali pa kuwafungia waliokuja bila karatasi, na mmechagua juu ya baba zetu. Nikasema, mimi mwenyewe nililetwa hapa mgongoni, wala sijui kwingine, na baba yangu yupo pale chini ya mkonge, namba 618.

Mwenye sare akaanza kuandika. Deo akaniandikia *kaa chini mama we*, nikakataa, maana ningekaa nisingesimama tena.

Kisha nikaona Joha anasimama. Sikumsikia, lakini mdomo nilimsoma: mia nne na kumi na mbili. Akasimama na Deo, daftari likaanguka. Mia tano thelathini. Wakasimama kule nyuma, wakasimama na wake walioolewa hapa wakitaja namba za wakwe zao. Ilikuwa kama foleni ya posho, watu wazima wenye mvi, na hakuna aliyekosea. Yule mwenye sare aliacha kuandika. Akavua kofia, akaishika mapajani. Deo ananiambia alimuuliza jirani yake, "Wako wangapi pale?" akajibiwa, "Hatujawahi kuruhusiwa kuwahesabu."

Kura ilipigwa kwa mikono. Mia mbili themanini na saba wamekataa, kumi na tisa wamekubali, na imeingia kwenye muhtasari pamoja na hoja zako zote. Mabwana wamesema watalipeleka jibu juu. Huko juu watasema nini sijui, na Deo anasema tusichinje kuku bado. Ila mchoro waliukunja, na bwana mmoja aliomba aonyeshwe makaburi. Nilimpeleka mimi.

Sasa na mimi nina ombi, na sizunguki nyumba. Nimekwishasema mbele ya watu mia tatu mahali nilipozaliwa. Siwezi tena kuingia ndani gari likikata kona; wataniuliza naosha nini. Nataka kurudi kwenye ile ofisi, kwa mlango wa mbele. Nataka uje na huyo Wakili Joyce. Nataka uwe upande wa sikio langu la kushoto, ndilo lenye uhai kidogo, uniandikie maswali. Mwandiko wa Deo utanifunga.

Naogopa, Imani. Usidhani siogopi. Niambie siku.

Shangazi yako,
Hildegarda


Mikumi,
Jumatano, 18 Juni 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Ninaandika kukutajia siku.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni pa ofisi, kisha nikamwomba Ndugu Lupakisyo ruhusa. Akanikumbusha kwamba Jumatatu ndiyo siku ya usaili wa ile nafasi ya kudumu. Nikamwambia nafahamu. Akaniangalia, akasema, "Usaili unaweza kuanzia saa tisa alasiri kwa mtu mmoja." Kama nitachelewa, nitachelewa, kazi nyingine zitatangazwa, na shangazi hatangazwi.

Wakili Joyce amekubali kuja. Anaomba ulete cheti cha ubatizo, kama kipo, na kile kipande cha babu, kama ulikitunza, hata ikiwa panya wamekila pembeni. Anasema huo ni ushahidi. Mimi nitaleta kalamu mbili na daftari jipya, nami nitaandika kwa herufi kubwa. Wakikuuliza ulizaliwa wapi, utasema ukweli uleule, na safari hii hakuna atakayetoka kwa mlango wa nyuma. Wakisema tungoje, tutangoja wote watatu, tukila vitumbua vyako. Nassir atakupitia alfajiri. Amekataa malipo, jambo ambalo halijapata kutokea.

Vaa lile gauni la kanisani. Mimi nitakuwa nimesimama upande wa kushoto wa mlango wa mbele wa ofisi ya vitambulisho, Kilosa mjini, Jumatatu, tarehe 23 Juni, saa mbili kamili asubuhi.

Imani Kasiani,
618